Asubuhi anasafisha mabasi, mchana anapambana na sangari

Jua la Mei limetoka lakini halina joto. Glenda Ormerod anakanyaga beleshi kwa mguu wa kulia, analilalia kwa uzito wake wote, kisha anasimama kuvuta pumzi. Udongo wa huku kilimani ni wa mfinyanzi. Umenyeshewa majira yote ya baridi na unang'ang'ania buti kama unga uliokandwa.

Anainama na kuvuta mzizi mweupe wa gugu la sangari, mrefu kama kamba ya kiatu. Unakatika. Anaguna, kwa maana anajua kilichobaki ardhini kitachipua tena hata kabla hajausahau.

"Bibie, hapo unapanda kabichi au unachimba kaburi?" anauliza Eric Haworth, mstaafu wa kiwanda cha nguo anayelima kipande cha jirani. Ameegemea uzio, kikombe cha chai mkononi.

"Nachimba lako," anajibu Glenda bila kuinua kichwa. "Njoo ulale nikupime."

Eric anacheka na kurudi kwenye vitunguu vyake, vilivyosimama mistari minyoofu kama askari wa gwaride. Vya Glenda haviko kama alivyoviacha jana, vingine vimeng'olewa na ndege na kulala chali juu ya udongo.

Glenda, mwenye umri wa miaka 58, yuko macho tangu alfajiri. Kazi yake ni kusafisha mabasi kwenye gereji moja mjini Nelson, kaskazini mwa Uingereza. Anapiga deki, anabandua ubani wa kutafuna uliogandishwa chini ya viti, anaokota vibanzi vilivyokanyagwa na abiria wa usiku. Akitoka huko anapitia nyumbani kumlisha mumewe, kumbadilisha nguo na kumpa dawa. Wifi yake akija kukaa na mgonjwa, ndipo Glenda anapanda mlima kuja Clough End, yaliko mashamba haya madogo ya kukodi.

"Watu husema bustani inatuliza akili," anasema huku akijinyoosha mgongo. "Labda za kwao. Mimi nafika nimechoka, naondoka nimechoka zaidi. Jioni vidole vinawaka moto, hata kijiko kinaniponyoka."

Shamba lenyewe si lake. Ni la Wilf, mumewe, aliyekuwa fundi wa mabomba na ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakukosa hapa Jumamosi hata moja. Glenda alikuwa akija kuchuma tu. Wilf akipanda viazi, yeye anakaanga. Wilf akileta liki, zile mboga za jamii ya vitunguu, yeye anapika supu. Hivyo ndivyo walivyogawana dunia.

Vuli iliyopita Wilf alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na ulimi ukawa mzito. Maneno yanayomtoka bila taabu ni machache: ndiyo, hapana, chai, na tusi moja ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Hilo tusi ndilo analolitamka vizuri kuliko yote," anasema Glenda. Kwa mara ya kwanza leo, anatabasamu.

Majira ya baridi yalipita hajakanyaga hapa. Alipokuja Machi alikuta sangari limetambaa kutoka ukingo hadi ukingo, mlango wa banda umechomolewa na upepo, na samadi ambayo Wilf alikuwa ameagiza imerundikwa langoni ikisubiri mtu wa kuitawanya.

Siku hiyohiyo alikutana na Malcolm Pilling, katibu wa wakulima wa Clough End.

"Glenda, mimi sina ugomvi na wewe," Malcolm alimwambia. "Lakini foleni ya wanaosubiri shamba ni ndefu. Nikija mwisho wa Aprili nikakuta magugu, kamati itanibana nikunyang'anye."

"Basi iambie kamati ije na mabeleshi," alimjibu.

Miongoni mwa waliosubiri ni Rukhsana Mahmood, mama wa watoto watatu anayekaa ghorofani, mtaa wa chini. Kila Jumapili alikuwa akisimama langoni na wanawe kutazama wenzake wakilima. Glenda anakiri kwamba alikuwa akijifanya hamwoni.

"Ningemsalimia, ningemwonea huruma," anasema. "Na huruma yenyewe nilikuwa sina ya kugawa."

Akaanza kulima. Mvua ikinyesha alilima, mgongo ukimkataa alilima kwa magoti. Alisukuma samadi kwa toroli lenye gurudumu bovu. Alishalima karibu nusu, akawa kila akimaliza tuta moja anageuka na kukuta la kwanza limeanza kuota majani.

"Nilijiambia, huyu mwanamume ameshapoteza mkono, mguu na ulimi. Akipoteza na shamba, atakufa."

Ijumaa Kuu, ambayo kwa wazee wa hapa ndiyo siku ya kupanda viazi, aliamua kumleta Wilf aone. Eric alisaidia kusukuma kiti cha magurudumu mlimani, akilalamika njia nzima kwamba mgonjwa ananenepeshwa.

Walimweka kwenye kinjia, blanketi magotini. Glenda akaanza kupanga viazi kwenye mfereji. Mara akasikia Wilf akigonga kiti kwa mkono wa kushoto. Akadhani mstari umepinda.

"Nini tena?" alimfokea. "Kama haujanyooka, njoo upande mwenyewe."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Eric aligeuza uso akajifanya anahesabu mawingu.

Lakini Wilf hakuwa akiangalia viazi. Alikuwa akiangalia upande wa pili, uliojaa sangari. Alihangaika na ulimi wake mpaka mate yakamtoka.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya nini?"

"Toa."

Glenda anasema hakufurahi. Alikasirika. Aliingia bandani, akafunga mlango mbovu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia.

"Wiki kwa wiki nimevunja mgongo kwa ajili yake, kumbe mwenyewe halitaki lote. Na sikuwahi kumuuliza. Nilimfanya kama samani, unaisogeza, unaifuta vumbi, huiulizi kitu. Lakini si hasira tu. Mzigo nao una yake. Ukiwa kichwani unatembea tu. Ukishushwa ndipo unasikia shingo."

Alipotoka, Wilf alikuwa bado anamsubiri. Alisema neno moja tu: "Chai." Glenda akammiminia.

Glenda alimweleza Malcolm, na wiki iliyofuata Rukhsana alipewa ile nusu iliyojaa sangari. Alikuja na bakuli la dengu lililofunikwa kwa kitambaa na beleshi jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani.

"Anti, nianzie wapi?" aliuliza.

"Anzia pale usipopapenda," Glenda alimwambia. "Pale unapopapenda utafika tu."

Malcolm alikagua mwisho wa mwezi. Alitembea kinjia chote, akaangalia viazi, akaangalia maharage, akasema, "Imetosha," akaenda zake.

Nusu iliyobaki nayo haijaisha. Njegere zinataka fito. Vioo vya banda la miche vimepasuka. Liki ni za kuhamishwa, na sakitu, ile baridi inayogandisha umande, huku inaweza kurudi hata maua yameshatoka. Wiki jana iliunguza majani ya viazi yakawa meusi, na Eric alilazimika kumhakikishia kwamba vitachipua tena.

"Nisikudanganye kwamba nimelipenda," anasema Glenda akiosha beleshi kwenye pipa la maji. "Bado ni kazi. Ila sasa naweza kuona mwisho wake kwa macho."

Anao mpango mmoja, na huo ni wake mwenyewe. Wilf hakuwahi kukubali ua lipandwe hapa. Akiambiwa, alikuwa akijibu kwamba haliliwi. Mwaka huu Glenda amenunua mbegu za yale maua yanayopanda fito kama njegere, yanayonukia jioni. Atayapanda kando ya mlango wa banda.

"Na kiti," anaongeza. "Cha mbao, hata kikuukuu. Wilf anacho chake. Kufika Agosti nataka na mimi niwe na changu, nikae bila kushika kitu."

Anafuta mikono kwenye suruali, anaitazama saa, anaanza kushuka mlima. Wifi yake ana zamu kazini, na Wilf haachwi peke yake.