Mwaka Nilipoishtaki Ligi

Habari ya kufungiwa kwangu niliisikia redioni, nikiwa nimeketi kwa kinyozi mjini Isiolo, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Mtangazaji alisema beki wa timu yetu amesimamishwa na ligi kwa misimu miwili kwa kumpiga refa. Kinyozi akazima mashine.

"Si ni wewe huyo?" akaniuliza.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kuja kumwona mama kidogo, nikitarajia kurudi kwa mazoezi wiki hiyo hiyo. Ni kweli refa alipigwa. Alikuwa amewapa wapinzani penalti mechi ikikaribia kwisha, wachezaji wetu wakamzingira, na katika kusukumana huko mtu akamtwanga ngumi ya kisogoni. Mimi nilikuwa nimemkamata mwenzangu kiunoni, nikimvuta atoke pale. Refa alipogeuka, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wangu. Aliandika nambari ya jezi yangu kwenye ripoti, na ligi haikuniita hata siku moja nijieleze.

Nilikata rufaa kwao. Hawakujibu. Ndipo nikamwendea wakili mmoja wa mtaa wa Wabera pale Isiolo, mwanamke tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa hatubishani kama ulipiga au hukupiga. Tunauliza kwa nini walikuhukumu bila kukusikiza."

"Lakini mimi nataka ijulikane sikumpiga."

"Najua," akasema. "Wacha kwanza tukurudishe uwanjani."

Kesi ilisikizwa kwa mtandao. Niliketi kando ya wakili wangu mbele ya kompyuta yake, nimevaa shati la kanisani, nikimtazama jaji aliyekuwa mdogo kama stempu kwenye kioo. Mara mtandao ukatike, mara wakili wa ligi aombe muda zaidi. Kila kesi ilipoahirishwa nilitelemka ngazi za ofisi ile nikihesabu mechi zilizonipita. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa beki, huo si umri wa kusubiri. Asubuhi nilikimbia peke yangu, kutoka kwa mama kule mtaa wa Kiwanjani hadi nje ya mji na kurudi, kwa kuogopa kwamba nikipumzika hata wiki moja mwili utanisahau.

Hatimaye jaji akatoa agizo la muda: niruhusiwe kucheza mpaka kesi iamuliwe. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Kesho yake nilikuwa Nairobi, na wachezaji wenzangu wakanibeba juu juu.

Asubuhi ya mechi kocha aliniita kando ya basi la timu. Hakunitazama machoni.

"Ligi wamepigia klabu simu," akasema. "Tukikuchezesha, watatunyang'anya pointi."

"Kocha, nina agizo la mahakama."

"Agizo ni lako, kijana wangu. Pointi ni za timu nzima, na tunakaribia kushuka daraja. Nenda nyumbani, tutakuita."

Nilivua jezi pale pale, nikaikunja, nikamkabidhi. Hawakuniita.

Niliporudi Isiolo sikukimbia tena. Nililala mchana kutwa, nikakaa siku nyingi bila kuoga, na simu ikilia naigeuza kifudifudi. Wakili alitaka kuishtaki ligi upya kwa kudharau agizo la mahakama. Nilimwambia afanye anavyoona. Jioni moja mama aliingia chumbani na chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akanong'ona kama mtu aliye kanisani.

"Mwanangu, tuko wawili tu. Ulimpiga yule mtu?"

"Mama, hata wewe?"

"Nauliza tu."

"Sikumpiga."

"Haya," akasema, akanisogezea kikombe. Sikujua kama ameniamini, na niliogopa jibu lake kiasi kwamba sikuthubutu kumuuliza. Chai ile ilipoa sijaigusa.

Hukumu ya kesi ile ya kwanza ilisomwa msimu ukiwa umeshakwisha na mkataba wangu pia. Jaji alisema ligi ilikosea, kwamba hakuna mtu anayestahili kuadhibiwa bila kupewa nafasi ya kujitetea, na adhabu yangu imefutwa. Wakili wangu alinikumbatia huku machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa bado naitazama ile kompyuta, nikingoja jaji aongeze sentensi moja. Hakuiongeza. Alisema sikusikizwa. Hakusema sikumpiga.

"Tumeshinda!" wakili akasema.

"Sasa nikacheze wapi?" nikamuuliza.

Siku hiyo hiyo nilizipigia klabu nyingine simu. Wengine waliniuliza umri kabla ya kuniuliza jina, wengine wakasema marefa hawatafurahi kuniona. Mama naye alikuwa ameshawatangazia majirani ushindi wangu. Jioni hiyo walijaa uani, Wakristo na Waislamu, wazee na kina mama, wakinipa mkono na kumshukuru Mungu kwa niaba yangu. Niliwashukuru mmoja mmoja, nikatabasamu ilivyotakiwa, na nilipopata upenyo nikapita nyuma ya nyumba, nikaegemea ukuta wa mabati na kulia huku nimejiziba mdomo ili wasinisikie.