Tulichimba shimo la kuhifadhia viazi, mtaa ukaamini tumepata madini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nawaletea kisa kilichotuhamisha nyumba. Sitatia chumvi, maana kilivyo tu kinatosha kuniudhi.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Tulikuwa tumepanga nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma. Mwenye nyumba, Papa Kasongo, alituruhusu kulima, nikapanda viazi mviringo.

Viazi vikakubali kweli kweli. Kiangazi cha huku bustani inakauka, kwa hiyo nilitaka akiba ya kutuvusha mpaka mvua nyingine.

Shida ni kwamba viazi vinataka giza, ubaridi na ukavu. Nyumba yetu ya mabati, mchana ni tanuri. Mume wangu akasema tuchimbe shimo.

Sasa sikieni. Mume wangu alikulia Kipushi, na ujana wake wote alikuwa creuseur, mchimbaji madini wa kujitegemea. Anajua namna moja tu ya kuchimba: shimo la mviringo, jembamba, limenyooka kwenda chini, na vidato vya kukanyagia ukutani. Udongo akaufunika kwa bâche, yaani turubai. Viazi tukavishusha kwa kamba, ndani ya viroba, juu tukafunika kwa mbao.

Mimi nikasifia kazi. Majirani wakaona mgodi.

Jirani wa kushoto akaanza kuja kuomba chumvi kila siku, macho yote shimoni. Wanaume nisiowajua wakawa wanasimama getini wanauliza bei. Bei ya nini, hawasemi.

Kisha akaja Papa Kasongo. Siku hiyo hata salamu hakutoa.

"Mama Ornella, bantu banasema mulikuta matière mu parcelle yangu." Yaani madini, kwenye kiwanja chake.

"Ni pomme de terre, Papa. Muangalie."

Akaondoa mbao, akamulika kwa simu, akamwaga kiroba kizima chini. Viazi. Akakata kimoja kwa kisu, akanusa.

"Hakuna muntu anachimbaka shimo ya hivi juu ya pomme de terre," akasema, akaondoka.

Akarudi na shemeji yake. Akarudi tena na bwana mwenye nyundo, akagongagonga udongo. Kila anayekuja lazima afunue.

Wakuu, nilikosa raha. Nakaa kwenye cherehani, geti likilia nainuka. Nilipenda ile nyumba, na nilijua kabisa tunafukuzwa. Nikawa na mimi naenda kufunua shimo, nione kama kuna mtu ameingia. Nafunika, nageuka, narudi kufunua.

Viazi havitaki mambo hayo. Mwanga ukaingia, joto likaingia. Vingine vikageuka kijani, vingine vikachipua. (Vya kijani msile, ni vichungu na vinadhuru.)

Mwishowe Papa Kasongo akasema binti yake anaolewa, anahitaji nyumba. Nililia, sioni aibu kusema. Tukahamia mwisho kabisa wa Katuba, na viroba vya viazi vyenye machipukizi.

Baadaye nikakumbuka beseni langu la kufulia, nikalifuata.

Hakukuwa na binti wala bwana harusi. Kulikuwa na bâche tatu, na lundo la udongo limefika dirishani. Ukuta wa jikoni nilimokuwa nikipikia ulikuwa na ufa unaoingia mkono.

Papa Kasongo akatoka shimoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa amekonda. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayeteseka.

"Mama, mimi sina hasira tena. Muniambie tu bukweli. Mulikuta wapi?"

Hasira zote nilizoenda nazo zikaniisha. Nikamwambia, "Papa, ilikuwa pomme de terre."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi chini. Nikachukua beseni langu.

Nilichojifunza: ukichimba shimo la viazi, chimba pana, la pembe nne, geti wazi, na uwaite majirani waje washike koleo. Na ukishafunika, acha. Usiende kuchungulia.

Yale machipukizi niliyapanda huku na yamestawi. Kiangazi kinakaribia. Jana mume wangu alikuwa ananoa sururu, nikamwona jirani mpya amesimama juu ya tofali, anachungulia kwetu.

Mnaohifadhi viazi bila kuchimba, nielekezeni haraka. Usingizi sina.