Kitanda Changu Kilichokwenda Vitani

Ulikuwa mwaka wa yanga. Wa rika langu hawahitaji tarakimu: ni ule unga wa njano wa msaada, ugali wake ukiurusha ukutani unakurudia. Sisi wa Mahongole tuliushushia kwa ulanzi, na ulanzi mtamu kuliko wote ulitoka kwenye mianzi yangu, niliyopewa na mama mkwe nilipoolewa.

Asubuhi moja ya mvua nilikwenda kugema, nikakuta wanaume watatu kichakani, mmoja ana panga. Kwetu mgeni hunyweshwa nyumbani mpaka ayumbe, lakini kuigusa mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga ulanzi, ni wizi. Sikuuliza. Nilimtwanga yule wa panga begani kwa mbeta tupu. Akavumilia, akaniamkia shikamoo mama, nami nilikuwa bado bibi harusi.

Kumbe ni wapigania uhuru wa Msumbiji. Lori lao lilizama kwenye tope likitokea Songea, na ndani alikuwamo mwenzao aliyevunjwa paja na bomu. Walitaka mianzi miwili wambebee mpaka hospitali.

“Mianzi yangu haikatwi,” nikamwambia yule wa panga.

Akaniuliza kwa upole kama najua vita ni nini. Nikamjibu kwamba nimeolewa.

Lakini mgonjwa haachwi topeni. Nikaenda nyumbani kuchukua kitanda chetu cha kamba. Mume wangu alikuwa bado amekilalia. Akauliza tutalala wapi. Chini, nikamwambia, wenzako wanalala porini. Akanuna, kisha akashika mguu mmoja wa kitanda, wakambeba mgonjwa hadi Makambako. Kitanda hakikurudi. Wanangu wawili wa kwanza ni wa mkekani, na wana afya kuliko hawa wa godoro.

Msumbiji ilipopata uhuru nilikunywa peke yangu mbeta nzima. Nilistahili.

Juzi wamekuja vijana wa kamati, wamevaa suti. Wanataka kujenga mnara wa ukombozi pale pale waliposimama wapiganaji, maana yake wafyeke kichaka changu. Nikawaingiza chumbani, nikawaonyesha kilipokuwa kitanda: jengeni hapa, shujaa alikuwa kitanda. Wakacheka, wakanywa ulanzi wangu, wakaomba wa pili. Kisha mkubwa wao akafuta midomo, akasema, “Bibi, ni heshima ya taifa. Mianzi si itaota tena?”

Nikamnyang'anya kikombe.

“Mianzi yangu haikatwi.”