Ufunguo Aliompa Kiptanui

Mwaka wa 1967 hapakuwa na mpangaji mjini Kericho aliyeijua sheria ya nyumba kumshinda Bilhah. Alikuwa fundi wa cherehani kutoka Kisii, na kwa miaka tisa yeye na mumewe Nyaberi, mchuma chai, walipanga chumba nyuma ya soko kwa mzee Kiptanui. Sheria ilipobadilika, yeye ndiye aliyewaeleza majirani huku akikanyaga cherehani: mwenye nyumba hawezi tena kukwambia hama ukahama. Sharti aende kwenye baraza la kodi, apewe amri ya maandishi. Kiptanui, aliyekitaka chumba kwa ajili ya mwanawe anayeoa, alijaribu mara mbili akarudi mikono mitupu. Bilhah alicheka, tena alikuwa na haki ya kucheka.

Kisha Nyaberi akafa kwa nimonia, siku nne tu. Kiptanui alikuja kutoa pole, akalia machozi ya kweli. Sitamwonea niseme aliigiza.

"Wewe enda uzike, mama," alisema. "Hii nyumba nitaangalia."

Kwao Bilhah mjane hukaa bomani kwa mume mpaka matanga yaishe. Na ungemnyimaje ufunguo mzee anayekulilia mume? Akampa.

Aliporudi baada ya miezi miwili, dirishani palikuwa na pazia la bibi harusi. Cherehani yake ilikuwa nje, imenyeshewa mpaka imeshika kutu. Huko Kisii mashemeji walikuwa wameshagawana shamba, kwa hiyo hakuwa na kwingine.

Karani wa baraza la kodi alikuwa mtu wa huruma.

"Mama, akiwa alivunja kufuli, tutamwita leo. Lakini kama ulimpa ufunguo, atasema ulihama mwenyewe, na sheria itamsikiza." Akaweka kalamu chini. "Fikiria vizuri. Alichukua kwa nguvu?"

Bilhah alielewa anachopewa. Neno moja tu na chumba kingekuwa chake tena. Lakini alimkumbuka Kiptanui akijifuta uso kwa kofia siku ile ya pole, na hakuweza kumsingizia.

"Hapana," akasema. "Nilimpa na mkono yangu."

Karani akaandika. Bilhah akatoka nje akilia waziwazi, bila kujificha. Kwenye foleni, mama mmoja wa sokoni alimtambua, akamshika mkono.

"Wewe ndiye unajua hii sheria. Tuambie, tufanye nini?"

"Msipeane ufunguo," Bilhah akamjibu. "Hata mkifiwa."