Aliyekuja Darasani Kutafuta Kilo za Ng'ombe

Habari za kifo chake zilinifikia kwenye kikundi cha simu cha waliosoma baiolojia pamoja, kikundi ambacho siku hizi hutumika kuuziana kuku wa kienyeji na kualikana harambee. Mwalimu wetu aliandika kwamba mzee wa Bisil amefariki nyumbani kwake, usingizini, na atazikwa huko huko. Mmoja akauliza, "Mzee yupi?" Mwingine akajibu, "Yule wa kilo." Kila mtu akajua, na siku hiyo hakuna aliyetaja kuku tena.

Tulikutana katika kozi ya utangulizi wa baiolojia, Jumamosi alasiri, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Mimi niliacha shule mapema, wazazi wetu walipofariki na kuniachia wadogo zangu. Walipoanza kujitegemea nilirudi darasani, kwa sababu nauza dawa za mifugo na nilitaka kuelewa ninachouza. Wengi wa wenzangu walikuwa vijana waliotaka cheti cha kuwaingiza kwenye uuguzi. Mzee yeye alitosha kuwa babu wa mwalimu, na alivaa shuka juu ya koti la suti. Siku ya kwanza, tulipoulizwa kila mmoja amekuja kutafuta nini, alisimama akaegemea fimbo yake. "Madam, niko na ng'ombe. Nikipima Bisil, iko na kilo. Nikipima hapa Kitengela, kilo zingine hakuna. Nataka kujua nani anakula."

Hakuwa akitania. Alikuwa akiwauzia wachinjaji wa Kitengela mafahali, na mdogo wake ndiye aliyewaswaga kwa miguu kutoka Bisil, mwendo wa siku kadhaa kando ya barabara ya Namanga. Kila safari mizani ya huku ilisoma chini ya ile ya kule. Sasa, kwa Wamaasai ng'ombe anaweza kutolewa damu akiwa hai: shingo hufungwa kamba, mshipa hutobolewa kwa mshale mfupi, damu hukingwa kwenye kibuyu, jeraha huzibwa na ng'ombe huendelea na safari yake. Kwa hiyo mzee aliamua kwamba mdogo wake anawanywa mafahali njiani. Alimwita mwizi mbele ya wakwe. Mdogo mtu akahamia Kisaju, akafungua duka, na tangu hapo hawakusalimiana. Mama yao alipozikwa, walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Mzee alijiunga na kozi ili ajue ng'ombe ana damu kiasi gani, apeleke kesi kwa wazee wenzake akiwa na ushahidi wa sayansi.

Alivumilia somo la mimea, akalala wakati wa wadudu, kisha tukafika kwenye seli na namna inavyotumia chakula. Mwalimu, binti aliyetoka chuo kikuu juzi tu, alituchorea glukosi ikivunjwa vipande, vipande vikiingia kwenye mitokondria, nguvu ikipatikana na kaboni iliyobaki ikitolewa kwa pumzi. Sisi tulinakili ubao bila kuinua macho. Mzee aliinua fimbo.

"Madam, rudia hapo. Hiyo kaboni kabla itoke ilikuwa wapi?"

"Mwilini, mzee wangu. Kwenye chakula, kwenye mafuta."

"Na iko na uzito?"

"Iko na uzito."

"Na inatokea kwa pua."

"Ndiyo. Uzito mwingine unatoka kama maji, jasho na kinyesi. Huo ndio mwingi."

"Ya kinyesi tunajua, tunaikanyaga. Mimi nauliza hii ya pua." Akaelekeza fimbo ubaoni. "Kwa hivyo ng'ombe anatembea akijipumua."

"Kidogo kidogo, ndiyo. Hata wewe."

"Mzee, si ufunge mdomo wako basi, usiishe kilo," kijana mmoja wa uuguzi akasema nyuma. Darasa lilicheka. Mzee hakucheka. Wakati wa mapumziko alisimama kwenye roshani akitazama barabara, na chai yake ikapoa.

Wiki iliyofuata alinikuta dukani. "Wewe ndiyo mkubwa kwenu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi umesikiza kesi za ndugu. Utaenda na mimi Kisaju ueleze wazee hii maneno ya pumzi. Madam ni mtoto, watamuuliza babake ni nani." Nilijaribu kukataa, nikasema sijui vizuri. Akasema yeye pia hajui vizuri, na hilo halikumzuia kumwita ndugu yake mwizi.

Kikao kilikuwa nyuma ya duka la mdogo mtu, kwenye viti vya plastiki. Nilisalimiwa kwa Kimaasai, kama wanavyosalimiwa wanawake, "Takwenya," nikaitikia "Iko," nikabandika ukutani seli niliyoichora nyuma ya kalenda kuukuu. Wazee waliitazama kwa muda mrefu. Mmoja, ambaye ni dalali wa mashamba, akasema, "Hii imekatwa ploti vibaya. Barabara ya kuingia iko wapi?" Nikamwonyesha utando wa seli. Akaridhika. Nilipofika kwenye mitokondria, mwingine akauliza ni za nani.

"Ni za ng'ombe, baba."

"Na ukiuza ng'ombe, unauza na hizo?"

"Unauza nazo."

"Mnunuzi anajua?"

Hilo lilizua mjadala ambao sikuweza kuuzima, kuhusu mitokondria zote ambazo ukoo huo umewahi kutoa kama mahari bila kuzitaja. Mdogo mtu alikuwa amekunja mikono wakati wote huo. Mwishowe alisema, "Kwa hivyo miaka hii yote nimeitwa mnywa damu, na ilikuwa pua ya ng'ombe."

"Bado," akasema mwenyekiti. "Hiyo hewa hatujaiona."

Wakaamua hivi: ndugu hao wawili wawaswage mafahali pamoja kutoka Bisil hadi Kitengela, hakuna wa kutoka machoni pa mwenzake, na mizani isome mwanzo na mwisho. "Na nikienda haja?" mdogo mtu akauliza. "Ataenda na wewe," akajibiwa.

Safari yenyewe nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akimfanya mwenzake mjinga. Mwanzoni walizungumza na mafahali tu. "Ambia huyo asimame upande wa lori." "Ambia huyo hii barabara mimi naijua." Ila mtungi wa maji ulikuwa mmoja, na nyua za watu zimebana barabara siku hizi hata huwezi kupitisha kundi la ng'ombe kama mbele na nyuma hawasemezani. Walipofika Kitengela, ambako darasa zima lilikuwa likiwasubiri kwenye mizani, walikuwa wakibishana juu ya jina la mbwa wa utotoni mwao.

Kilo zilikuwa zimepungua. Mzee alipanda mizani mwenyewe, maana kumbe alijipima pia Bisil, na yeye pia alikuwa amepungua. Akamgeukia ndugu yake.

"Haya. Na mimi umeninywa saa ngapi?"

"Ukiwa umelala. Lakini damu yako ni chungu."

Walicheka hadi wakashikilia vyuma vya mizani, na fahali mmoja akakurupuka akatimua mbio hadi kwenye ua wa kanisa. Mzee aliposhuka, aling'oa nyasi akazishika mkononi, kama afanyavyo kwao anayeomba amani, akamwendea mdogo wake mbele yetu sote. Mtihani hakuufanya. Hakurudi darasani hata kuaga.

Nimemfikiria sana wiki hii. Wengi wetu tulipata vyeti, na sidhani kuna aliyebadilisha neno moja nyumbani kwake kwa sababu ya glukosi. Katika biashara yangu nimeona tajiri akimfukuza kibarua kwa sababu gunia la chakula cha mifugo limepungua uzito, kumbe lilikauka tu stoo. Kitu kikipungua, macho yetu hutafuta mdomo wa mtu, na mdomo wa karibu zaidi ndio huwa na hatia. Mzee alifanya kosa hilo hilo, na kwa miaka mingi. Tofauti yake ni kwamba alipopewa jibu ambalo hakulitaka, alilibeba hadi mlangoni kwa ndugu aliyemsingizia wizi, akakubali kuchekwa.

Baada ya maziko nilimpa pole mdogo wake, nikamwambia ni bahati walipatana kabla. Alitikisa kichwa. Alisema tangu wawe watu wazima hawakuwahi kukaa pamoja kama kwenye safari ile. "Kama ningejua kesi itaisha na kutembea na yeye," akasema, "hiyo damu ningeinywa mapema."

Basi wewe unayesoma hapa na una mtu wa kwenu unayemshuku, tembea naye kwanza njia ile aliyoipita na mali yako. Kilo hutazipata. Nenda tu.