Mcheremukha wa Upande Wetu wa Uzio

Averyan Lukich Loskutov alikuwa na kanuni moja, na aliishika mpaka mwisho: kisichopatikana upande wetu wa uzio hakihitajiki. Hakuazima msumeno. Hakuomba chumvi wala hamira. Jumamosi, watu wengine walipokwenda kuoga kwenye chumba cha mvuke cha yeyote aliyewahi kuwasha moto, yeye alioga katika chake, alichokijenga peke yake kwa mbao za ghala lililobomoka, kisha akakifunga kwa kufuli.

Kanuni hiyo ilikuwa na chanzo chake. Baada ya vita mama yake alipita nyumba kwa nyumba akiomba maganda ya viazi, na Averyan ndiye aliyebeba mfuko. Mtoto aliyebeba mfuko kama ule ana haki ya kuapa kwamba hataubeba tena. Lakini kiapo cha utotoni mtu hukiangalia upya akishakua, aone kama bado kina maana. Averyan hakukiangalia, na hapo ndipo ninapomlaumu.

Kijiji chetu, Belaya Griva, kiko katika nyika ya Kulunda, mahali ambapo ziwa ni la chumvi na upepo wenyewe una chumvi. Shamba la ushirika lilipovunjwa vijana waliondoka, wazee wao wakawafuata, na Wajerumani wetu, wazao wa walowezi wa zamani, wakahamia Ujerumani, nchi ambayo hata mmoja wao hakuwahi kuikanyaga. Mtaa wa chini zikabaki nyumba mbili tu zinazotoa moshi: ya Averyan na mkewe Taisia, na ya jirani yao mjane, Kapitolina Yegorovna. Katika ua wa Kapitolina, karibu kabisa na uzio, ulisimama mcheremukha mzee, mti wa maua meupe na matunda meusi, wa pekee kijijini. Marehemu mumewe, Matvei, aliuleta ukiwa mche kutoka kwenye vichaka vya mtoni, safari ya siku nzima kwa gari la farasi. Miti haiipendi ardhi yetu. Ule uliikubali.

Taisia hakujaliwa watoto. Alikuwa na Kapitolina; yeye alimwita Kapa, naye akaitwa Tasya. Kila Agosti wanawake hao wawili walichuma matunda yale madogo meusi, yanayokausha ulimi ukiyala mabichi, wakayaanika juu ya jiko la matofali, na theluji ilipotanda wakayasaga unga wa keki. Mti ulikuwa wa Kapitolina. Kinu cha mkono kilikuwa cha Taisia, alichorithi kwa mama yake. Kusaga cheremukha ni kazi ya watu wawili, kwa sababu tunda husagwa pamoja na kokwa yake: mmoja anazungusha, mwingine anachekecha, mnarudia mpaka unga uwe laini na chumba chote kinukie lozi. Walisagia kwa Kapitolina. Aliyepita chini ya dirisha aliwasikia.

"Zungusha, shoga, au umelala?"

"Nalala vipi na mdomo wako huo? Matvei alikufa mapema apate kupumzika masikio."

"Wako yu hai na kimya anakupa bure. Amesema maneno mangapi tangu Jumatatu?"

"Mawili. 'Supu.' Na 'chumvi.'"

"Mawili! Basi anakupenda huyo, usimwache."

Wakacheka kama wasichana.

Averyan aliila keki ile, na krimu chachu juu yake, lakini aliila kama mtu anayetumikia adhabu.

"Tunakula kutoka ua wa mtu," alisema.

"Kinu ni chetu," Taisia alimjibu.

"Kinu hakizai."

Basi alikwenda sokoni wilayani, kwa mama mmoja aliyeuza miche, akanunua mcheremukha wa aina mpya uliopewa jina la Imara. Ulizalishwa kwa ajili ya baridi. Mama yule alimwambia utahimili nyuzi hamsini chini ya sifuri bila kufunikwa, na Averyan alipenda neno hilo kuliko yote mengine. Alichimba shimo linalomfika kiunoni, akautoa udongo wenye chumvi, akajaza mweusi alioubeba kwa ndoo kutoka bustani zilizoachwa na Wajerumani. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali. Mitofaa ya watu ilipasuka magome. Imara ulisimama. Averyan aliuendea kila asubuhi, akavua glavu, akaushika shina kwa mkono mtupu.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Haujaomba hata gunia."

Ulipochanua mara ya kwanza ulizaa bakuli moja, matunda makubwa kuliko yale ya mti wa zamani. Averyan aliliweka bakuli mezani, akakaa akilitazama. Taisia akachota nusu, akampelekea Kapitolina, naye Kapitolina akaja kwenye uzio akitafuna, midomo imekuwa myeusi.

"Hongera, jirani! Kijana wako amempita mzee wangu. Mwezi wa tano nilikuwa nawaona nyuki, wanapita huku na huku kama washenga."

"Mti wangu hauhitaji washenga," alisema Averyan.

"Haya. Na wewe Tasya ulimpata bila mshenga?"

Averyan akageuka akaingia ndani. Mshenga alikuwa Kapitolina mwenyewe.

Mwaka uliofuata walikuja nondo. Sisi tunawajua: kila baada ya miaka kadhaa viwavi wao huufunika mcheremukha kwa utando mweupe, kuanzia shinani hadi kileleni, ukaonekana kama maiti iliyovikwa sanda. Huula ukabaki uchi, kisha huondoka, na mti huchipua upya. Mti wa Kapitolina ulifunikwa wote. Viwavi wakaanza kushuka kwa nyuzi zao juu ya uzio.

"Kapitolina Yegorovna, mti wako unaniletea wadudu."

"Watakula, watashiba, wataondoka. Mbona si mara ya kwanza?"

"Wako mzee, utachipua. Wangu bado mchanga, utakufa."

"Basi tuwaokote. Niite asubuhi, nije na ndoo, tutawamaliza kabla ya chai."

"Sijaomba msaada."

"Ndiyo maradhi yako hayo, Averyan Lukich. Wewe hata ukizama utasema niacheni, haya maji ni yangu."

Averyan alitaka mti wa jirani ukatwe. Hakupiga kelele, wala hakutukana. Aliacha kabisa kusema. Hata "supu" na "chumvi" zikakoma. Aliokota viwavi peke yake tangu alfajiri, akawaponda kwa kisigino mbele ya dirisha la mkewe, na kila Taisia aliposhika kilemba chake kwenda kwa jirani, alisimama mlangoni akimtazama. Majira yote ya joto yakapita hivyo, na ya baridi pia. Kuna wanaume wanaopiga, na wote tunajua kuwaita kwa jina lao. Wa namna ya Averyan tunawaita watulivu.

Masika yalipokuja Taisia alivuka.

"Shoga, ukate. Hanipi pumzi."

Kapitolina alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya.

"Ni mti wa Matvei."

"Najua."

"Na unga je? Tutasaga nini, vumbi?"

"Tutasaga wa upande wetu. Kinu kile kile. Mti umeshaanza kuzaa, utatutosha wote wawili. Utakuwa unakuja kwangu, basi. Nitakuwekea samovari ya chai."

"Kwako? Na yule bwana amekaa pale kama sanamu ya ofisini?"

"Mtu akija na kazi hawezi kumfukuza."

Kapitolina akaweka kisu chini. "Haya. Mwambie aje na msumeno wake, maana wangu hataushika."

Alikubali kwa ajili ya Taisia, si kwa sababu nyingine yoyote. Alikuwa na mti na alikuwa na rafiki, akaambiwa hawezi kuwa na vyote viwili, akachagua vizuri.

Averyan aliukata siku ile ile, machipukizi yakiwa bado hayajafunguka. Kuni aliziacha katika ua wa mwenyewe, hakuchukua hata tawi, kwa kuwa hazikuwa zake. Kisha, kwa vile mcheremukha hutoa watoto mizizini, alileta maji ya ziwa la chumvi, akayamwaga juu ya kisiki mara nyingi mpaka udongo ukawa mweupe.

Mwezi wa Mei Imara ulichanua kuliko wakati wowote. Harufu yake ilifika mpaka dukani. Taisia alikifuta kinu vumbi, akashona chekecheo jipya. Maua yakaanguka, na mahali pake vikabaki vijitunda vya kijani, vidogo kuliko punje ya mtama. Vikanyauka. Vikapukutika. Agosti mti ulikuwa na majani tu.

"Baridi ya mcheremukha," alisema Averyan, na sote tuliafiki, kwa kuwa kila ua hilo linapofunguka baridi hurudi kwa siku chache, na safari hiyo ilirudi na barafu.

Mwaka uliofuata Mei ilikuwa ya joto. Maua yalikuwa mengi, matunda hayakuwapo. Averyan akaukogesha mti maji ya majivu, akaufukulia mizizi, akaifukia tena. Halafu akaenda kununua mwingine, Imara vilevile, kwa kuwa aliuamini, akaupanda kando ya wa kwanza. Ulivumilia baridi bila kuumia. Ulichanua kwa wakati wake. Haukuzaa.

Kinu kilikaa juu ya rafu. Kapitolina alikuja mara chache. Kwetu mwanamke haingii nyumba ya mtu mikono mitupu bila shughuli, na shughuli yao ilikuwa imekatwa. Aliketi ukingoni mwa benchi, koti hakulivua. Averyan alikaa upande wa pili wa chumba, akinoa kisu kilichokwisha kunolewa.

"Kuku wanataga?" Kapitolina aliuliza.

"Wanataga kidogo," alijibu Taisia.

"Wangu pia."

Kinu kilipokuwa kinazunguka walikuwa wakisema mambo ya mwaka mzima. Sasa walimaliza habari za kuku, wakabaki wanatazama sakafu. Kapitolina akaacha kuja.

Mwanawe alikuwa mjini Omsk, na kila vuli alimwita mama yake akaishi naye. Kila vuli Kapitolina alimjibu, "Nani atasaga na Tasya?" Safari hii alikubali. Akauza ng'ombe, akapigilia mbao madirishani, na mwanawe akaja na gari kabla theluji haijafunga njia. Taisia alitoka na kinu amekikumbatia.

"Kichukue, Kapa."

"Nikifanyie nini ghorofa ya saba? Majirani wataita polisi." Akakigusa mpini. "Kaa nacho. Mti ukizaa niandikie."

"Nitakuandikia."

"Na huyu akisema neno la tatu, niandikie pia."

Hakuna aliyecheka. Gari likaondoka.

Ilikuwa masika baada ya hapo Averyan alipomkuta tena sokoni mama yule wa miche. Mimi nilikuwa nachagua mbegu za matango pembeni.

"Imara yako ni tasa," alimwambia.

"Tasa? Unayo mingapi, baba?"

"Miwili."

"Na wa aina nyingine?"

"Wa nini?"

"Ndiyo hiyo basi! Imara na Imara ni mti mmoja, baba yangu. Vipandikizi vya shina moja. Unataka ujioe mwenyewe? Lazima uwepo wa aina nyingine karibu, hata wa porini, nyuki walete chavua. Jirani hana?"

Averyan akavua kofia yake.

"Haukuzaa hata mara moja?" mama yule aliuliza.

"Mara moja."

"Basi wakati ule jirani alikuwa nao."

"Alikuwa nao," alisema Averyan, akavaa kofia yake.

Sitamnyima haki yake: alimwambia mkewe usiku ule ule, hakuficha. Taisia mwenyewe alinisimulia. Alisema hakuwahi kumsikia mumewe akiongea kwa urefu hivyo tangu waoane. Alipomaliza, Taisia alimwambia, "Mwandikie Kapitolina. Muombe radhi, arudi. Nyumba bado ipo."

"Nitaleta mche wa porini," alisema Averyan. "Sina haja ya kumsumbua mtu."

Nilisikia anataka kwenda mtoni. Nikamfuata nyumbani kwake.

"Averyan Lukich, gari langu lina mafuta. Asubuhi tunakwenda, jioni tumerudi, mizizi ingali mibichi."

"Nina miguu."

"Miguu unayo, mzee, lakini upepo huu utakukaushia mche njiani. Panda gari, usiongee na mimi hata neno ukitaka."

"Nimesema nina miguu."

Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, upepo wa nyika ukimpiga usoni njia nzima, na mche mgongoni umefungwa kwa gunia lililokwisha kukauka. Akaupanda mahali pa ule mzee, ng'ambo ya uzio, katika udongo alioutia chumvi mwenyewe. Nadhani alitaka urudi pale pale ulipokuwa. Ulitoa majani mawili, yakakunjamana yakawa meusi. Hakwenda tena mtoni, nguvu zilikuwa zimemwishia, na kumtuma mtu asingeweza.

Kapitolina alifariki Omsk majira ya baridi yaliyofuata. Habari ilitufikia kwa simu ya dukani. Taisia alipoambiwa alishukuru, akanunua mkate, akaenda nyumbani.

Imara yote miwili ingali hai. Hakuna baridi iliyoidhuru. Kila Mei mtaa wa chini unanukia, na kila Agosti matawi ni matupu. Ndani, Taisia anaandaa chakula, anakaa upande wake wa meza, anatazama dirisha lenye mbao la nyumba ya pili. Sasa Averyan ndiye anayetafuta maneno: anauliza habari za kuku, anataja upepo. Taisia humjibu, "Supu." Au, "Chumvi."

Averyan Lukich aliishika kanuni yake. Iligharimu mti wa Matvei, nyumba ya Kapitolina, na mtu pekee ambaye Taisia alikuwa akiongea naye.