Kilima cha Bibi Haugen na Jina la Mama

Wengi wakisikia harufu ya iliki hukumbuka chai ya maziwa, au pilau ya sikukuu. Mimi hukumbuka ngazi. Zilikuwa ngazi za zulia la kahawia, zimejaa chembe za ile chumvi wanayomwaga njiani kuyeyusha barafu, katika jengo la zamani la ghorofa mbili pale Hopkins, nje kidogo ya Minneapolis. Siku ya kwanza nilipozipanda nilikuwa na miaka tisa, nimevaa koti la mtu mwingine lililonifika vifundoni. Harufu ya iliki ilitoka kwenye mlango wa chini ikanisimamisha. Nilidhani mama ametangulia kufika.

Hakuwa mama. Alikuwa Bibi Haugen, mjane mwenye nywele nyeupe, anaoka mkate wa Krismasi. Watu wa asili ya Denmark na Norwei hutia iliki katika mikate yao, jambo ambalo sikulijua, na ambalo hata leo sijui walilipata wapi.

Mama alikuwa amebaki Usangi, juu kwenye milima ya Upare, kwenye ukungu na migomba. Baba alikuja kusoma chuo kikuu, na ilikuwa tuje wote watatu, lakini mama alinyimwa viza akaambiwa aombe tena. Wakakubaliana tutangulie sisi ili nisikose shule, naye atufuate kabla ya mvua za masika. Masika yakapita. Vuli ikapita. Kule tulikokuwa hakukuwa na masika wala vuli, kwa hiyo nilizihesabia kichwani tu, nikijua sasa kule shambani wanapanda mahindi, sasa wanapalilia.

Jioni baba alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nikitoka shule nilikaa kwa Bibi Haugen. Baba alinikataza kumwita kwa jina lake la kwanza kama walivyofanya watoto wa jengo lile. Nilimwamkia shikamoo kila siku. Alijifunza kuitikia marahaba, akaipenda hata akawa anamwitikia hivyo mleta barua, ambaye hakuwa amemwamkia.

Majira ya baridi ya pili mwalimu wetu alituambia kila mmoja aje na maana ya jina lake la ukoo. Darasa lile lilikuwa la akina Olson, Hanson, Peterson, Dahl na Lund. Nilimsubiri baba mpaka aliporudi, nikamuuliza Msangi maana yake nini.

"Mtu wa Usangi," alisema huku akivua viatu. "Kuna maana gani nyingine?"

Kesho yake nilimpelekea Bibi Haugen habari hiyo. Akaweka kikombe chini, akafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

"Basi nyinyi ni kama watu wa mume wangu," alisema. "Baba yangu mimi alitoka Denmark, alikuwa Jensen. Maana yake mtoto wa kiume wa Jens. Zamani mtoto wa Jens aliitwa Jensen, na kama yeye ni Peter, mwanawe ataitwa Petersen, jina linabadilika kila kizazi. Msichana alikuwa binti Jens. Halafu serikali ikasema inatosha, kila mtu abaki na alilonalo. Ndiyo maana mimi nilizaliwa msichana nikaitwa mtoto wa kiume wa Jens, na huyo Jens mwenyewe hakuna aliyemjua."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Lakini kwa Wanorwei wengi jina lilikuwa la shamba," akaendelea. "Ukikaa shamba fulani unaitwa kwa shamba hilo. Ukihama, jina la zamani unaliacha pale pale, unachukua la shamba unakohamia. Hata mwanamume akioa akahamia kwa mkewe, anaitwa kwa shamba la mkewe."

Hapo kicheko kilinikauka. Nilirudi juu nikiwa na jambo zito kifuani. Baba alikuwa na rafiki mmoja, mwanafunzi wa Kitanzania kutoka Saint Paul, ambaye kila nikimjibu kwa Kiingereza alisema, "Mwacha asili ni mtumwa," kisha akaomba chai. Sikujua utumwa wake ni upi, ila nilijua unanihusu. Sasa nikaona umefika. Usiku, baba aliponifunika blanketi, nikamuuliza, "Kwa kuwa tumehama, sisi sasa ni Wahopkins?"

Alicheka. Halafu akauliza nani kaniambia.

"Na mama je? Yeye amebaki Msangi peke yake?"

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika vidole vyangu vya miguu juu ya blanketi, mpaka nikalala.

Theluji ilipoyeyuka Bibi Haugen alinichukua kwa gari lake kwenda makaburini kumwekea mumewe maua. Ardhi ilikuwa imelowa, ina harufu kama ya shamba lililolimwa jana. Tulitembea polepole, na kila jiwe alilolipita alinisomea. Dahl, bonde. Lund, kichaka cha miti. Berg, mlima. Nygaard, shamba jipya. Nilitazama mawe yale yamepangwa kwenye nyasi tambarare, hakuna bonde wala mlima popote, nikaona kama nchi nzima imezikwa pale.

Tukafika kwa mumewe.

"Haugen ni kilima kidogo," alisema. "Lakini hiyo -en ya mwisho ina maana. Si kilima chochote. Ni *kile* kilima. Kile ambacho wote mnakijua, kwa hiyo huna haja ya kueleza."

"Kiko wapi?"

"Hatujui. Babu wa mume wangu alipofika Amerika alitakiwa ashike jina moja asilibadilishe tena, akashika la shamba aliloliacha. Mume wangu alitamani maisha yake yote kwenda kukiona. Kila mwaka tulisema mwakani." Akainama kupanga maua. "Mimi ni Haugen kwa miaka mingi kuliko nilivyokuwa Jensen, na kilima chenyewe sijawahi kukikanyaga."

Alipoinuka alikuwa anafuta macho. Sikujua la kufanya, nikamshika mkono. Labda ili kubadili mazungumzo, akaniuliza, "Na mama yako anaitwa nani?"

"Mama Nakijwa."

"Nakijwa si wewe?"

Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kwamba sijawahi kumsikia mtu yeyote, hata bibi, hata mchungaji, akimwita mama kwa jina jingine. Bibi Haugen alinigeukia. "Kwetu mtoto hubeba jina la mzazi," alisema. "Sijawahi kusikia mzazi anabeba la mtoto." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Masikini mama huyo." Mimi sikuona umasikini wowote. Niliona fahari. Njia nzima ya kurudi nilikaa wima kwenye kiti cha gari.

Mama alikuja mwaka uliofuata. Pale uwanja wa ndege alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na alininusa utosini kabla hajasema neno. Tuliishi, tukazoea. Watu wa Minnesota walimwita kwa jina lake la ubatizo, jina la kwenye pasipoti, naye ilimchukua miezi mingi kujifunza kugeuka akiitwa. Bibi Haugen tulimzika kando ya mumewe nilipokuwa sekondari.

Miaka mingi baadaye, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alikuja kukaa nami. Alasiri moja akiwa anamkanda mtoto kwa mafuta, rafiki yangu akapiga simu, nikaiweka sauti ya wazi, akaniita kwa jina la mwanangu, Mama Elia. Niliona mama ametabasamu kidogo. Ndipo akaniambia.

"Ile miaka mliyoniacha, watu hawakuwa na nia mbaya. Lakini kila aliyekutana nami alikutaja. Mama Nakijwa, umeamkaje. Mama Nakijwa, unga umefika dukani. Kuna siku nilipita njia ya nyuma, ya migombani, nisisalimiwe na mtu."

"Si ungewaambia wakuite kwa jina lako?"

Alimgeuza mtoto kifudifudi, akaendelea kumkanda mgongo. "Halafu nibaki na nini?" alisema.

Utotoni niliamini kwamba mwenye kutamani kilicho mbali ni yule aliyeondoka, na kwamba aliyebaki amebaki na kila kitu: mlima, ukungu, migomba, jina. Bibi Haugen alikuwa amelielewa lile jambo pale makaburini, papo hapo, kwa sababu alijua ilivyo kuitwa kila siku kwa kitu usichoweza kukifikia. Mimi nililielewa nikiwa na mtoto wangu mbele yangu. Kila asubuhi, nilipokuwa navuta buti zangu Hopkins kwenda shule, kule Usangi kulikuwa na mtu anaitwa kwa jina langu, naye anaitika.